Pakiti za Nyota na Pakiti za Duara

Mwaka wa nne sasa vidole vyangu ni vya manjano. Nimevisugua kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa dawa ya kung'arishia mapazia, wapi. Kiwandani wananiita Bibi Manjano. Fundi wa tanuri, ambaye hucheka kabla ya kusema na baada ya kusema mpaka sote tukamwita Kicheko, huapa kwamba umeme ukikatika mimi ndiye nitakayewashwa.

Kazi yangu ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Ndani ya manjano ya jikoni mna kitu ambacho wataalamu wanakiita kurkumini, nacho ndicho kinacholeta ile rangi. Watu wanakitaka kwenye vyakula vyao kwa sababu wanaamini kina faida mwilini. Mimi sisemi kinatibu. Hayo nawaachia wauza maneno. Ninachojua ni kwamba ukikila kikavu hivyohivyo, mwili haukipokei. Hakiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo kinaingia mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma bila hata kusalimia wenye nyumba.

Dawa yake ni kukifunga. Unakiyeyusha kwenye mafuta kidogo, unakichanganya na protini ya maziwa, unakipitisha kwenye mashine yenye kelele za kutoboa masikio mpaka mafuta yavunjike kuwa matone yasiyoonekana kwa macho, kisha unayarusha kama ukungu ndani ya pipa refu la hewa ya moto. Kinachoanguka chini ni unga laini, na kila chembe yake ni kifuko: manjano ndani, protini nje. Kifuko kinalinda mzigo wake njiani mpaka utumboni, kinafunguka, na kilichomo kinapata nafasi ya kuingia damuni. Shangazi yangu aliponisikia nikieleza haya kwa madaha alitikisa kichwa akasema, "Kumbe na wewe ni mfungashaji tu kama mimi."

Shangazi ni dada yake baba. Alinilea tangu darasa la tatu, wazazi wangu walipokuwa wakihamishwahamishwa kikazi, na yeye ndiye aliyenitangulia kiwandani, ana miaka kumi na tisa pale. Ni kiongozi wa wafungashaji biskuti. Wanamwita Mizani, kwa sababu akishika pakiti mkononi anajua kama imepungua biskuti moja, na mara mbili mashine ya kupimia imebishana naye ikaonekana mashine ndiyo mbovu. Ana mkono, ana jicho, na mdomo pia anao.

Mwaka huu meneja aliniambia wazi: nionyeshe kwamba unga wangu unaingia damuni kuliko manjano ya kawaida, au chumba changu kifungwe. Pipa la hewa ya moto lingekwenda idara ya maziwa, chumba kingekuwa stoo ya makatoni, na mimi ningerudi kukagua magunia ya sukari nilikoanzia. Meneja si mtu mbaya. Anaongea polepole, hakaripii mtu, ila ana msemo wake mmoja anaoutumia kama wengine wanavyotumia chumvi: "Namba hazina ndugu."

Basi nikapanga jaribio. Unga tuliutia kwenye krimu ya katikati ya biskuti, baada ya tanuri, ili moto usiuharibu. Wafanyakazi ishirini na wanne walijitolea. Kumi na wawili, waliopatikana kwa kura, wangekula biskuti zenye vifuko, kwenye pakiti zilizopigwa muhuri wa nyota. Kumi na wawili wengine wangekula zenye manjano ya kawaida, kiasi kilekile, kwenye pakiti za duara. Biskuti mbili kwa siku, wakati wa chai ya saa nne, kwa wiki nne. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda angewatoa damu kabla ya kuanza, na tena siku ya mwisho saa moja baada ya kula. Hakuna aliyeambiwa ipi ni ipi. Masharti niliyaandika kwenye karatasi moja, nikaibandika ukutani kwenye bwalo: *Kila mshiriki ale pakiti yake.* Nikapiga saini chini, nikaona nimemaliza.

Bwaloni kwenyewe sikuwa naenda. Sisi wa makoti meupe tunakunywa chai vyumbani kwetu. Hakuna aliyetukataza kule. Ni mazoea tu, na mazoea yana tabu.

Majibu ya damu yalikuja Jumanne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi moja iliyonikata maini: hakuna tofauti yoyote kati ya kundi la nyota na kundi la duara. Hakuna! Hata ndogo ya kujifariji. Niliusoma nikiwa nimesimama, nikauingiza kwenye droo, nikaifunga droo kwa goti, nikakaa chini nikaliangalia lile pipa refu kama mtu anayemuaga mgonjwa. Miaka minne. Kikao na meneja kilikuwa Ijumaa.

Jumatano asubuhi muuguzi alipita kuchukua fomu zake. Ni mama mmoja mtulivu, anavaa miwani yenye kamba. Aliomba aone majibu, nikamtolea droo nzima. Akafungua ukurasa wa pili, ambao mimi kwa hasira sikuufikia, akasoma akipitisha kidole.

"Hawa wa duara ndio wale wa manjano ya kawaida?"

"Ndio hao."

"Mbona nao wamepanda?"

Nilimnyang'anya ile karatasi, Mungu anisamehe. Kweli walikuwa wamepanda. Watu wa duara walitakiwa kubaki karibu na sifuri, maana manjano ya kawaida ndivyo yalivyo, na vipimo vyangu vyote vya awali vilisema hivyo. Lakini wote ishirini na wanne walikuwa wamepanda kwa kiasi kinachokaribiana, kana kwamba kila mmoja amekula nusu ya kile nilichotarajia kwa watu wa nyota. Nusu! Unga wangu ulikuwa umeingia damuni. Tatizo ni kwamba ulikuwa umeingia kwenye damu za watu ambao sikuwapa.

Saa nne ilikuwa inagonga. Biskuti za jaribio zilizobaki tulikuwa bado tunawagawia, kwa sababu kutupa chakula ni dhambi. Nikateremka ngazi mbilimbili mpaka bwaloni, koti langu jeupe likipepea.

Na niliyoyaona hayakuwa yamefichwa hata kidogo. Kwenye meza ya tatu, karibu na dirisha, shangazi yangu alikuwa ameweka sinia katikati. Kila mtu wa meza ile alifungua pakiti yake na kumimina. Shangazi akazitazama biskuti, akazipanga safu mbili, za nyota huku na za duara kule, kisha akaanza kugawa: wewe moja ya huku na moja ya kule, na wewe moja ya huku na moja ya kule. Upesi, bila kukosea, kama alivyozoea kufanya kazini. Nikatazama meza nyingine. Kila meza ina sinia. Kicheko, aliyekuwa meza ya pili, aliniona akanikaribisha kwa mkono, "Bibi Manjano! Njoo, yako ipo!"

Hapo nikapasuka. Siwezi kuyarudia yote. Nilisema wameniharibia miaka minne. Nilisema hawajui kusoma karatasi yenye maneno matano. Na mbele ya watu zaidi ya mia nilimgeukia mwanamke aliyenifundisha kufunga viatu, nikamwambia, "Na wewe Shangazi! Kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Hata Kicheko hakucheka. Shangazi alikuwa ameshika biskuti ya mwisho. Akamkabidhi mwenyewe, akapangusa mikono kwenye aproni yake.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikavificha vidole vyangu vya manjano kwenye mifuko ya koti.

"Basi kanywe maji. Sisi kengele inakaribia."

Nilirudi chumbani kwangu nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Hasira hasara, wanasema, na mimi hasara yangu nilianza kuihesabu kabla sijafika juu ya ngazi.

Alhamisi jioni nikapiga moyo konde nikaenda kwake. Alikuwa jikoni, anachambua mchele kwenye ungo, redio ikizungumza peke yake. Nikabisha hodi kwenye mlango ambao sijawahi kuubishia hodi.

"Mgeni gani huyo anabisha hodi nyumbani kwao?" akasema bila kuinua kichwa. "Ingia, mwanangu. Kaa hapo, mawe yamejaa upande huu."

Nikakaa, nikavuta upande wa mawe. Tulichambua kidogo. Nikasema, "Shangazi, nisamehe. Nimekukosea adabu mbele ya watu."

"Umenikosea," akakubali. "Jana usiku sikulala vizuri. Lakini nimekulea, nakujua. Hasira yako inachemka upesi na kupoa upesi, kama sufuria nyembamba. Nimeshakusamehe. Sasa niambie, tumekuharibia nini hasa?"

Nikamweleza. Safari hii nilieleza bila madaha: kwamba nilitaka kundi moja lile vifuko tu na kundi lingine lile manjano ya kawaida tu, ili nione tofauti, na kwamba kwa kubadilishana moja kwa moja kila mtu alikuwa amekula nusu ya hiki na nusu ya kile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa na mimi nikueleze," akasema. "Siku ya kwanza tulifungua, tukauma. Mimi nilipata nyota. Tamu, krimu safi, hata usingejua mna kitu. Jirani yangu alipata duara. Nilimwona uso unavyomkunjika. Nikaonja kipande chake. Mwanangu, ile ni chungu! Inakwangua ulimi, harufu inapanda puani. Umewahi kuila?"

Kuila biskuti nzima, hapana. Kule juu tunaonja kwa ncha ya ulimi, tunatema, tunasukutua, tunaandika. Nilikuwa nimeandika "uchungu wa wastani" nikaendelea na mambo yangu. Na vifuko, bila shaka, vinaficha ladha. Ni moja ya sifa zake nilizojivunia kwenye kila ripoti. Nilidhani nimewafumba macho watu wote ishirini na wanne, kumbe kila mmoja alijua kundi lake tangu alipouma mara ya kwanza.

"Sasa wewe unataka mimi nikae na mwenzangu meza moja," Shangazi akaendelea, "mimi natafuna tamu, yeye anameza chungu, wiki nne, tunatazamana? Chai ile ingenipita kooni? Nikasema hapana. Leteni sinia. Kila mtu apate tamu moja na chungu moja, asikose mtu wala asizidiwe mtu. Meza nyingine wakaona wakafuata. Na hakuna aliyeacha, hata mmoja. Ungewaacha na uchungu wao peke yao, wangezitupa zile biskuti chooni wakakuambia wamekula."

"Lakini karatasi ilisema..."

"Karatasi!" Akacheka. "Ulitubandikia karatasi. Hukuja kutuuliza. Ungekuja siku moja tu ukakaa nasi, ungeona."

Nilitoa jiwe, nikalitazama, nikaliweka pembeni. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ile iliniuma kuliko majibu ya Jumanne.

Kisha akasema jambo ambalo mimi na shahada yangu hatukuliwaza. Alilisema huku akipepeta, kama mtu anayezungumzia namna ya kupanga katoni. "Kwani lazima uchanganye watu kwenye meza moja? Tupe meza nzima chungu. Tutakula. Tutalalamika, lakini tutakula, maana tunakula wote. Na meza ya pili uwape tamu. Halafu ubadilishe, wao waje kwenye chungu na sisi twende kwenye tamu. Kila meza ipite kote kuwili. Hapo hakuna wa kumwonea mwenzake huruma, zamu yake inakuja."

Niliacha kuchambua. Kwa mpango ule kila mtu angelinganishwa na damu yake mwenyewe. Ulikuwa bora kuliko wangu, hata kama pasingekuwa na kosa lolote. Nikamkumbatia na ungo wake, mchele ukamwagika, akanigombeza kwa hilo kuliko alivyonigombeza kwa yote mengine.

Ijumaa niliingia kwa meneja na kurasa zote mbili, na sikuficha kitu. Nilimwambia jaribio limeharibika, aliyeliharibu ni mimi kwa kutofahamu watu wangu, na kwamba ndani ya uharibifu ule mna habari njema: wa duara wasingepanda kama vifuko havifanyi kazi. Alisoma ukurasa wa pili mara mbili.

"Hii ni dalili," akasema. "Si ushahidi."

"Ni kweli."

"Na wakijua wanakula kipi? Hilo halikusumbui?"

"Ulimi utajua, bwana meneja. Damu haijui. Na damu ndiyo tunayopima."

Akafikiri. Kisha akaagiza Mizani aitwe. Shangazi alikuja na aproni yake, akakataa kiti, akaulizwa kama anaweza kudhamini kwamba safari hii hakuna kitakachovuka kutoka meza hadi meza.

"Meneja," akasema, "miaka kumi na tisa napitisha pakiti zako. Imewahi kurudi hata moja na malalamiko?"

Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akatupa wiki tano.

Safari hii sikubandika karatasi. Niliteremka bwaloni saa nne, nikaomba radhi mbele ya wale wale mia, kisha nikaeleza mpango na nani aliyeubuni. Kicheko akapiga meza akasema, "Kwa hiyo sasa tunateseka kwa utaratibu!" Watu wakacheka, nami nikacheka, na koti jeupe nikaliacha juu tangu siku hiyo. Nilikuwa nakunywa chai yangu pale kila siku, kwenye kona.

Meza ya Shangazi ilianza na duara. Wiki ya pili niliona jambo nililokuwa nikiliogopa. Kicheko aliinuka kutoka meza ya pili, iliyokuwa kwenye tamu, akiwa na biskuti sita juu ya sahani, akaenda nazo meza ya tatu. "Mizani, tumewaonea huruma. Kila mtu wetu katoa moja." Nilishika ukingo wa meza yangu. Shangazi aliitazama sahani, akawatazama wenzake watano na nyuso zao zilizokunjamana. Mmoja wao alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Ahsante, ndugu yangu," Shangazi akasema. "Rudisha. Zamu yetu inakuja."

Mkono ukarudi. Kicheko akarudisha sahani, na meza ya tatu ikaendelea kutafuna duara zao, kimyakimya, wote sita pamoja.

Baada ya wiki mbili tukapumzika moja, kisha tukageuza. Siku meza ya tatu ilipopata nyota walipiga makofi.

Majibu ya pili nilisoma kurasa zote, nikianzia wa mwisho. Kila mtu, bila kubakiza hata mmoja, alikuwa karibu na sifuri kwenye wiki za duara na amepanda kwenye wiki za nyota, wengi wao mara saba au nane. Nilimpelekea meneja. Aliyapitia, akasaini kwamba chumba kinaendelea na kwamba biskuti ziingie kwenye mpango wa mwaka ujao. Alipofika sehemu ya mbinu akaona nimeandika: *Mpango wa meza ulibuniwa na kiongozi wa wafungashaji.* Akauliza, "Huyu si shangazi yako?"

"Ndiye."

"Namba hazina ndugu," akasema, na akaiacha ile sentensi ilivyo.

Nilikimbia bwaloni. Nilipofika meza ya tatu sikuwa na pumzi, nikaonyesha vidole saba, kisha vinane, wakaelewa. Kicheko alicheka mpaka akakohoa. Shangazi aliinuka. Alinishika uso kwa mikono yake miwili, yenye harufu ya vanila na makatoni, akanitazama nikaanza kulia, na siioni aibu kusema hivyo.

Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa pakiti moja ya duara, ya mwisho, ambayo haikuwa tena na kazi.

"Watu ishirini na wanne wamekula hii kwa ajili yako," akasema. "Aliyebaki ni mmoja. Sogea, kaa."

Meza ikanisogezea nafasi. Akafungua, akanipa moja, na ya pili akaishika mwenyewe, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Tukauma pamoja. Ilikuwa chungu kweli, ilikwangua ulimi na kupanda puani, na kila mtu wa meza ile alikuwa ananitazama usoni aone kama nitatema. Nikatafuna, nikameza, nikaomba chai.